Mikate ya Fundo

Jumanne, 4 Juni
Jaribio la nne. Unga umeumuka mpaka umesukuma kitambaa. Nimetoka shule mbio, nikaenda kuchungulia bakuli kabla ya kuvua viatu. Makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko. Rangi safi kabisa. Iliki imejaa nyumba nzima.

Mama akaonja mmoja. Akatafuna polepole, akaurudisha kwenye sahani.

"Hii mukate iko muzuri," akasema. "Lakini haiko ile."

Nimekula mitatu kwa hasira.

Niandike jinsi nilivyojitia matatani. Mama alipokuwa msichana alipika kwa Madame, muuguzi Mswidi, kwenye kituo kidogo cha misioni huko milimani nyuma ya Lemera. Kila Jumamosi walioka mikate hii ya iliki, inayosokotwa kama fundo. Mchungaji wetu mzee alikuwa mwanafunzi pale, aliila. Sasa anastaafu, anahamia Bwegera kwa mwanawe mwenye mashamba ya mpunga. Kwenye kikao cha kupanga kumuaga alisema angependa kuionja mikate ile tena mara moja kabla hajaondoka. Maman Sifa, kiongozi wa kwaya ya akina mama, akasema mandazi yanatosha. Mimi nikasimama nikasema nitaoka mia moja. Mia moja! Hakuna aliyeniuliza.

Sherehe ni Jumapili ya tarehe 16.

Jumatano, 5 Juni
Nimetazama video kwenye simu. Mwanamke wa Uswidi, jikoni kweupe, tanuri lina taa ndani. Lugha sikushika hata neno. Mikono niliielewa yote. Anaponda iliki kwa kinu kidogo, haisagi hadi iwe vumbi. Nami nikaponda hivyo hivyo. Siagi nimepata ya ng'ombe wa milimani, ya njano, si ya kopo.

Watoto wa jirani wamekuja kusimama mlangoni bila kuitwa. Nimewagawia wote. Wamelamba vidole.

Mama: haiko ile.

Ijumaa, 7 Juni
Leo furaha. Nimejifunza fundo.

Vidole vya Mama haviwezi tena kukanda, vimepinda. Lakini alichana ukanda wa kitenge cha zamani, akauzungusha kwenye vidole viwili, mara mbili, akapitisha ncha juu na kuichomeka chini. Akaufungua. Akanipa. Nimerudia mpaka nikaweza kufanya huku nikisahihisha daftari za darasa la tano. Baadaye nikafanya kwa unga, umekatwa vipande virefu, siagi na sukari na iliki katikati. Mafundo ishirini, yote yamekaa sawa. Nimeyapiga picha.

Kisha Mama akaonja, na jibu likawa lile lile. Nikamwambia labda ulimi wake ndio umezeeka. Alichukua fimbo yake akaenda kukaa nje.

Najuta. Mdomo wangu hauna breki.

Jumapili, 9 Juni
Niandike kabla sijalala.

Mchungaji amehubiri tena juu ya pombe. Mzee mmoja ametengwa na Meza ya Bwana kwa kuuza kasiksi, ile pombe ya ndizi. Jina lake limesomwa mbele ya watu wote. Kisha sinia ya mkate ikapita kwenye benchi letu. Mama akaipokea, akaipitisha kwangu. Hakuchukua. Katika maisha yangu yote sijawahi kuona Mama akiiacha Meza.

Nyumbani nikamwuliza kama ni kwa sababu ya maneno yangu ya Ijumaa. Akasema hapana. Akanikalisha.

Hamira ilikuwa inakuja kutoka Uvira kwa kopo. Mwaka mmoja barabara ilifungwa kwa vita, kopo likaisha, na Madame alitaka mikate kwa ajili ya wagonjwa. Mama akaenda kwa shangazi yake aliyekuwa anapika kasiksi. Akachota povu la juu, lile la siku ya kwanza, akaumulia unga. Madame akala. Akasema haijawahi kuwa mitamu hivi. Akauliza. Mama akamwambia ukweli. Madame alicheka mpaka akakaa chini, halafu akafunga mlango wa jiko, akasema wachungaji wasijue kamwe.

Barabara ikafunguliwa. Hamira ikarudi. Wao wawili wakaendelea na povu. Miaka yote! Wanafunzi wa misioni, waliofundishwa hata kunusa pombe ni dhambi, walikula povu la kasiksi kila Jumamosi. Na Mchungaji akiwa wa kwanza kwenye foleni.

Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mama hakucheka.

Alimwahidi Madame kunyamaza. Mwezi uliopita habari zilifika kwamba Madame amekufa huko kwao. "Sasa niko huru," akasema. "Minye sitaki kufa na ile neno ndani." Atamwambia Mchungaji siku ya sherehe, mbele ya watu, kwa kuwa mbele ya watu ndipo alipompa mikate ile. Mpaka hapo hatagusa Meza.

Nikamwuliza kwa nini asimwambie kabla.

"Akule kwanza," akasema.

Naogopa. Watamtenga. Zaidi ya miaka themanini, na jina lake lisomwe vile. Lakini niseme kweli, kwa kuwa hakuna mwingine anayesoma hapa: nina furaha pia. Sasa najua kilichokuwa kinakosekana.

Jumatano, 12 Juni
Maman Nadine anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mkatoliki, Mrundi, kasiksi yake inajulikana mtaa wetu wote wa Kimanga hapa Uvira. Miaka tisa nimepita mlangoni pake nikitazama upande mwingine.

Leo nimeingia. Nimebeba chupa ya chai, ile kubwa ya maua. Nilimweleza. Alicheka, akafuta mkono, akanichotea povu bila kunidai chochote. Alitaka tu aletewe mkate.

Kutoka nje, uso kwa uso na Maman Sifa.

"Chai ya wapi hiyo, Maman Rehema?"

Nikasema ya mgonjwa. Kizibo kilikuwa kinatoa sauti, pssss. Nikakishika kwa viganja viwili nikaondoka kama ninayekimbia mvua. Juni, jua kali.

Povu ndani ya maziwa ya vuguvugu, unga kidogo, nikaacha. Linaumuka taratibu kuliko hamira, lakini linaumuka kwa nguvu, linapumua kabisa. Nimekanda. Nimefunga mafundo. Nimeoka kabla jua halijazama.

Mama akachukua mmoja. Akala nusu. Akala nusu nyingine. Akaokota chembe za sukari kwenye kanga yake kwa ncha ya kidole. Akanyoosha mkono kwa wa pili.

"Njo hii," akasema.

Nimeruka. Mwalimu mzima wa miaka arobaini na sita, nimeruka jikoni nikapiga kichwa kwenye rafu. Nina nundu.

Ni mitamu. Ina uchachu kidogo nyuma ya iliki, na ndizi kwa mbali sana. Maskini mwanamke wa video, hajui anachokosa.

Ijumaa, 14 Juni
Nimenunua hamira.

Nimewaza tangu jana. Nikioka kwa hamira, Mchungaji atafurahi, watu watakula, Mama hatakuwa na la kuungama siku hiyo. Tutamsindikiza mzee Bwegera kwa amani. Nikamwambia Mama mpango wangu. Nilidhani ni wa busara.

Aligonga fimbo chini.

"Madame alinifunga mudomo, na alikuwa rafiki yangu," akasema. "Na weye pia utanifunga?"

Nimempa Maman Nadine hamira yote. Sijui ataifanyia nini.

Jumamosi, 15 Juni
Mia moja na nne! Maman Nadine alikuja na sufuria zake tatu na watoto wake wa kike wawili. Wamefunga mafundo kuliko mimi. Mama aliketi katikati na fimbo, akikataa yaliyolegea. Moshi, kelele, iliki. Mgongo umekatika. Siku nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumapili, 16 Juni
Ibadani sinia ilipita. Mama akaipitisha tena. Safari hii Mchungaji aliona.

Sherehe uani. Nikamwekea sahani. Akachukua mmoja, akauinua puani kwanza. Akauma. Akafumba macho. Watu wakasogea kumtazama. Akala wote, akachukua wa pili. Kisha akasema, "Ni ile ya Madame."

Mama akasimama. Nilitaka kumshika kiwiko, akanisukuma. Akasema yote: barabara, shangazi, povu, mlango wa jiko. Hakujitetea. Alimalizia, "Na hii ya leo ni vile vile."

Maman Sifa alikuwa na mkate mdomoni, hajui ameze au ateme. Akameza.

Mchungaji aliutazama mkate mkononi mwake. Mimi nilikuwa nahesabu mawe ya uani. Akauliza, "Miaka yote?"

"Miaka yote."

Akauweka mkate chini. Akainuka, akaingia kanisani peke yake. Nikajua amekwenda kuchukua daftari la waliotengwa.

Alitoka na sinia ya Meza. Mkate uliobaki na kikombe. Alikuja nayo polepole mpaka mbele ya Mama, akipita kati ya sahani na chupa za fanta, na akasema anayejisema mwenyewe hatengwi. Wanaotengwa ni wanaoficha, na yeye haoni anayeficha hapa. "Kula, Mama," akamwambia. "Unanikawiza."

Mama akala. Akanywa. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga.

Kisha mzee akarudi kwenye kiti chake akamalizia mkate wake wa pili. Na wa tatu.

Jumatatu, 17 Juni
Hakuna hata chembe iliyobaki.

Mchana Maman Sifa amebisha hodi. Alikuwa na chupa ya chai chini ya kitenge. Aliomba kwa sauti ya chini nimpeleke kwa Maman Nadine. Nilimsindikiza mwenyewe.

Niliporudi Mama alikuwa amelala kwenye kiti chake, jua miguuni. Ule ukanda wa kitenge ulikuwa bado kwenye vidole vyake viwili, umefungwa. Sikuufungua. Nikaketi karibu naye kusahihisha daftari.