Mkurugenzi Aliyefuta Watu wa Visiwani

Shoga, sijui kama kesho nina kazi.

Mkurugenzi kasimama mbele ya wageni na grafu yake: nchi mbili tajiri, pato la kila mtu kwa miaka arobaini. Ile ya milimani inatambaa. Ile ya visiwani imepaa. Watu wakapiga makofi!

Mimi kazi yangu kusahihisha lugha ya ripoti, nikasoma maandishi madogo ya chini. Pato la visiwani ni la mwaka huu, lakini kaligawa kwa idadi ya watu ya miaka arobaini iliyopita. AROBAINI!

Nikanyoosha mkono. "Mkuu, waliozaliwa tangu hapo umehesabu jasho lao, wenyewe ukawafuta."

Akanijibu, nakuapia: "Binti, nchi tajiri watu hawazaani."

Hawazaani!

Nikamwambia, "Basi na mapato ya ofisi hii tuyagawe kwa watu wa siku ilipofunguliwa. Mlikuwa wewe na mlinzi. Nyote mabilionea."

Mlinzi akaangua kicheko pale mlangoni.

Sasa anataka barua ya kuomba radhi kabla ya saa kumi, la sivyo hasaini mkataba wangu mpya. Nimempelekea karatasi. Nimemfanyia hesabu upya, nchi zote mbili zimelingana.

Radhi siombi.