Dawa ya Vidole vya Msusi

Jumatatu, 3 Machi
Leo bosi wa saluni kanishika mkono mbele ya mteja, akaugeuzageuza kama anachagua samaki. Vidole vimepasuka hadi kwenye viungo. Ukurutu! Miaka kumi na miwili ya kuosha na kusuka vichwa vya watu, hiki ndicho kiinua mgongo changu. Mteja kaomba asukwe na mwingine. Bosi kanipa mwezi mmoja: vipone, la sivyo kiti changu anapewa mtu mwenye ngozi. Ndivyo alivyosema — mwenye ngozi.

Jumanne, 4 Machi
Duka la dawa. Nikaomba ile ile ya siku zote, tyubu ndogo yenye picha ya jani. Mfamasia kaniuliza kwa nini naipenda hiyo. Nikasema ni ndogo, kwa hiyo ni nafuu. Mama wa watu kacheka mpaka miwani ikashuka. Kumbe boksi lisilo na picha lina dawa ile ile, nguvu ile ile, tyubu kubwa mara tatu — bei karibu sawa! Jani limekuja kwa ndege, kasema, na tiketi unakata wewe. Miaka miwili nalilipia jani nauli. Hongera zangu.
Nimechukua hilo boksi. Kasema nipake kidogo, asubuhi na jioni, wiki mbili. Usoni nisiguse kabisa.

Jumatano, 19 Machi
Vinapona! Nimesuka watatu, hakuna aliyekunja uso. Ila tyubu inaisha kwa kasi ya ajabu. Mume wangu kaapa hajui hata inakaa wapi. Namwamini, hajui hata sukari inakaa wapi. Anabaki wifi, dada yake, aliyekuja "siku mbili" tangu Januari. Uso unang'aa balaa! Nilimsifia mwenyewe, mjinga mimi. Eti ni kunywa maji mengi.
Kuanzia leo tyubu inalala kwenye pochi yangu.

Jumamosi, 5 Aprili
Wifi kashinda wiki nzima kajifunika kitambaa. Leo kakivua. Uso umewaka, vipele mpaka kwenye kope. Kaungama: alikuwa anapaka mara mbili kwa siku tangu afike, na nilipoificha ndipo ukalipuka. "Nipe kidogo tu, wifi yangu, Jumatatu naanza kazi." Kazi gani? Kuuza vipodozi! Nilicheka. Kisha akalia, nikaona haya.
Nimempigia mfamasia. Asipake tena hata chembe, kasema, aende kwa daktari wa ngozi leo hii. Daktari wa ngozi! Kumwona tu ni bei ya majani kumi, bado hajaandika dawa. Pesa niliyoiweka inatosha mtu mmoja — niliiweka kwa ajili yangu. Kidole cha shahada kimepasuka tena tangu juzi, na Jumatatu bosi anakagua.
Wifi anashauri tuingie pamoja: mimi nitoe mkono, yeye atoe uso, daktari ahesabu mgonjwa mmoja. Mume wangu, kwa hekima zake zote, kasema tukubaliane wenyewe.
Wifi yuko mlangoni, anaingoja pochi yangu. Viatu keshavaa.