Nondo Waliotua Juu ya Mizinga Yako

Mpendwa Baba Lusajo,

Nyumbani Kawetele hatujambo, na mvua ni ile ile. Tangu tukuzike sijakusumbua kwa maneno mengi, lakini leo nina jambo la kujivunia, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani?

Wiki iliyopita mdogo wako Ambakisye alirudi kutoka kwenye mizinga yako kule ukingoni mwa msitu, uso umemshuka. "Shemeji, nondo wameivamia. Tuichome leo leo, kabla hawajahamia kwa majirani." Unamjua, ukimpa kiberiti kila kitu kwake ni takataka. Lakini mizinga ile ndiyo kazi ya mikono yako niliyobaki nayo. Nikamwambia, "Hachomi mtu. Twende kwanza."

Njiani nilikumbuka ulivyokuwa ukinisimamisha na mzigo wangu wa kuni kichwani, eti nimwone mdudu. "Mama Lusajo, rangi itakudanganya. Tazama anavyokaa." Nami nikikutania kuwa nimeolewa na mtu anayesalimia wadudu kabla ya wakwe. Lakini nilikuwa nasikia, mume wangu. Nondo mla nta hukunja mbawa mgongoni kama paa la nyumba, na ukimgusa hutimua mbio kwa miguu kutafuta ufa wa kujificha. Yule nondo mdogo wa msituni hutandaza mbawa zote nne zikalala bapa, na mstari mwembamba wa kahawia huzipita toka upande mmoja hadi mwingine bila kukatika. Huyo hana shida na asali ya mtu.

Wale wa kwenye mizinga walikuwa wametandaza. Nikamgusa mmoja kwa jani. Hakukimbia; aliruka, akatua kwenye gome la mti, akatandaza tena.

"Umeuona mstari?"

Ambakisye aliinama, akakuna kichwa. "Nimeuona. Lakini ndani je, shemeji?"

Kufungua mzinga ilikuwa kazi yako siku zote, mimi nikishika bomba la moshi. Safari hii nilimpa yeye bomba, nikafungua mwenyewe. Masega yalikuwa mazima, hayana ule utando wa nondo mla nta hata kidogo, na nyuki wako wamejaa tele. Mmoja akanichoma chini ya jicho.

"Pole, shemeji, usilie," akasema Ambakisye huku akicheka.

Nikamwacha aamini ni nyuki.

Ndaga fijo, asante sana, Baba Lusajo, kwa kunichelewesha kote kule. Lala salama, mizinga ninayo mimi.

Mkeo,
Mama Lusajo