Viganja Vinavyowaka Ukutani

Dada Hamisa,

Duka lako la Korogwe bado liko wazi. Nalishika mimi, Zuhura wako, na bado nachapa vile vibandiko vya pakiti za mbegu. Wino ni uleule: kwa macho huuoni, ukiumulika kwa taa ya zambarau unawaka kijani, mkulima akajua mbegu zake si za kughushi. Ulikuwa ukiniambia, "Huu wino ni mmbea, Zuhura. Ukikushika mkononi utasema kote ulikopita." Nikawa nacheka.

Baada ya arobaini yako nilifunga dirisha ili nikague kazi. Taa ikaniteleza, ikamulika ukuta. Dada, nilipiga kelele. Viganja vyako vilikuwa vimejaa pale, vinawaka, vimefuatana kutoka kwenye mashine hadi mlangoni, vyote usawa wa kiuno. Kama mtu anatembea na mwili haupo. Kile kidole chako kilichokatika ncha kilionekana kila mahali.

Nilisimama pale mpaka nikaelewa. Ulikuwa unajishikilia. Miezi yote ile ukisema, "Uchovu tu, nikilala utaisha," kumbe ulikuwa unangoja nitoke kufuata chai, ndipo unatembea na ukuta.

Nikampigia Mama, akaja kutoka Kwaluguru. Hakulia. Alivigusa kimoja kimoja, akasema, "Tuvifute. Mwanangu asihangaike tena humu." Tulifuta kwa spiriti. Nikamulika, hakuna kitu. Mama akarudi shamba.

Mvua za vuli zilipoanza, nikamulika tena.

Vimerudi. Mahali palepale, usawa uleule.

Nilitoka bila viatu, nikakaa kwa jirani yetu fundi cherehani. Niliamini umerudi. Niliamini kuna jambo hukulimaliza, na unanitaka mimi. Kuanzia siku hiyo nikawa nafanya kazi mlango wazi, naomba dua huku nachapa, na sikugeuka kutazama nyuma.

Mama alipokuja tena nilimweleza, akafunga dirisha mwenyewe. Akawasha taa, akamulika ukuta. Kisha akaushika mkono wangu, akaubandika juu ya kiganja kimojawapo. Ukaenea sawasawa, vidole vyote vizima.

"Huyu si Hamisa," akasema. "Huyu ni wewe. Tangu lini unashika ukuta?"

Sikujua, dada. Wallahi sikujua. Nilidhani ule uzito kifuani ni wa kukukumbuka wewe.

Hospitali wamesema ni moyo, kama wako, ila kwangu umewahiwa. Nimeanza dawa. Mama amehamia hapa, analala kitandani kwako, na asubuhi hanipi uji mpaka nimeze kidonge mbele yake. Baba naye, Mama ananiambia sasa, alikuwa akishika ukuta hivyohivyo, wakadhani ni uzee.

Ile taa bado naiogopa. Nikiiwasha naielekeza mezani tu.

Lakini jana, duka limejaa wateja, nilivuta kiti katikati ya chumba nikakaa. Nikasema kwa sauti, "Mama, nimechoka, siwezi kusimama." Wote wakageuka kunitazama. Mama akaja.

Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: nitasema. Kila mara nitasema, hata nikiona haya.

Mungu akupe nafasi ya kupumzika uliyoikosa hapa. Kwaheri, dada yangu.

Mdogo wako,
Zuhura