Matairi ya Kumrudisha Mama Moshi

Jumatatu, 3 Februari

Mzunguko uleule tena. Mchafukoge, Posta, chini mpaka Magogoni, kurudi. Leo kwa teksi ya jirani, yenye matairi mapya, magumu. Nimepakata sufuria ya maji, kipimo changu cha mtikisiko. Dereva kaniangalia kwa kioo njia nzima. Maji yamemwagika mara nne. Suruali chapachapa.

Mama alipasuliwa mgongo Novemba. Daktari karuhusu safari ya Moshi, ila gari lisimtingishe. Ndege hataki hata kuisikia. Matairi yangu ni vipara. Natafuta manne: salama, laini, bei ya mtu wa kawaida. Mambo matatu tu. Hii ni wiki ya tatu.

Jumatano, 5 Februari

Joto. Lami ya Kariakoo inanata kwenye soli. Nimeingia maduka sita. Harufu ya raba mpya naipenda, inanipeleka mbali. Naona barabara ndefu, milima upande wa kulia, Mama amekaa mbele anaongea, na hatuna haraka ya kufika. Muuzaji kaniuliza saizi mara ya pili, nikashtuka.

Nimejifunza. Namba nne za ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kuna herufi ya joto, na A ndiyo inayostahimili kuliko zote. Tairi gumu hudumu na hushika lami ya moto, lakini linanguruma na kurusha. Laini linakubembeleza, kisha linaisha upesi.

Mzee Salim, Mwarabu mwenye duka la matairi pale kona, amechoka na maswali yangu. Kaniambia, "Njia mbili zilimshinda fisi, mwanangu. Wewe unataka tatu." Nimemwambia nitarudi kesho.

Ijumaa, 7 Februari

Mama amefunga mizigo. Miaka thelathini na miwili kauza sufuria kwa jumla Kariakoo, na duka ameshamwachia mtu mwingine. Anasema anaenda kupumzika kidogo. Mtu haendi kupumzika kidogo na cherehani.

Harudi. Najua, na yeye anajua kwamba najua.

Jumamosi, 8 Februari

Nimenunua! Mtumba, kwenye kibanda cha barabarani. Kijana kanipigia debe: "Kaka, mzigo wa Japani huu, haujachoka kabisa." Kweli. Kashata, zile nundu za kukanyagia lami, bado nene. Kidole gumba kinazama kwenye raba. Na ubavuni kumechorwa mlima wenye vilele vitatu. Kibo, Mawenzi, Shira. Mchaga gani angeupita? Nimecheka peke yangu, nikalipa bila kuomba hata kupunguziwa. Mama angesikia angenikana.

Mzunguko wa Magogoni na sufuria: hata tone. Gari linaelea. Mtaa mzima ulikuwa unapita taratibu, watu, mikokoteni, vitenge vinaning'inia, kana kwamba nimelala na naviota.

Nimemwambia Mama tunaondoka Alhamisi. Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 11 Februari

Saa nane mchana, jua kali. Nimempeleka Mama kuaga wenzake sokoni. Wakati wa kurudi, bajaji ikanikatiza, nikafunga breki. Gari halikusimama. Limeteleza, mkia umekwenda upande, tumekomea sentimita chache kutoka kwenye nguzo. Mama kashika mlango, kauma meno.

Nimekwenda moja kwa moja kwa Mzee Salim. Kapapasa raba. Ilikuwa moto, inabonyea kama donge la chapati. Kisha kaniwekea kidole juu ya mlima wangu. Ndani yake kuna ua la theluji. Nilikuwa nimeliona. Sikulifikiria.

"Haya ni ya barafu, mwanangu. Ya baridi ya kwao. Kwa joto hili, mwendo wa barabara kuu ya Segera, yangekupasukia." Nusura nimuue Mama kwa kumdekeza.

Na jambo moja siwezi kumwambia mtu. Mzee Salim aliposema safari isubiri, nilifurahi. Nilifurahi kabisa, Mama akiwa bado anahema kwenye kiti cha gari. Najionea aibu.

Jumatano, 12 Februari

Nimeanza orodha upya. Safu tatu: usalama, ulaini, bei. Mama kaikuta mezani, kavaa miwani, kaisoma yote kama alivyokuwa akisoma ankara za wasambazaji. Kisha kaniuliza, "Unanichagulia matairi au unanificha funguo?"

Nimeikunja orodha, nikaitia mfukoni.

"Mgongo umepona, baba. Mimi si trei ya mayai. Nunua magumu, twende." Ameniita baba. Huniita hivyo nikiwa mgonjwa.

Saa kumi nilikuwa kwa Mzee Salim. Mapya, herufi A. Ghali kuliko nilivyopanga, lakini yatakaa miaka. Kafunga mwenyewe, kajaza upepo, kisha kasema upepo hupimwa vizuri asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa hiyo nipite tena kesho mapema. Nimecheka. Hata yeye ananiongezea muda. Nimepima breki mara tano kwenye lami ya moto. Yanashika. Sufuria nimeiacha jikoni.

Ijumaa, 14 Februari. Moshi.

Tumetoka jana asubuhi mapema, Mzee Salim alipomaliza kupima upepo. Yananguruma kweli. Mpaka Chalinze kila tuta nilikuwa namtazama yeye badala ya barabara, akanigombeza. Segera tulikunywa chai. Baada ya Korogwe amelala, mdomo wazi, na hakuamka mpaka Mombo. Nilipunguza mwendo. Malori yalinipita.

Tumefika saa kumi na moja jioni. Mjomba, kaka yake anayeishi kwenye nyumba yao ya ukoo, alikuwa getini. Nimezunguka kumsaidia Mama kushuka, nikakuta ameshashuka mwenyewe, ameshika kiuno, anaitazama migomba yake.

Nikarudi nyuma ya gari. Nikachuchumaa kwenye gurudumu, nikaweka mkono juu ya tairi, nikajifanya nakagua upepo. Nimekaa pale, macho hayaoni kwa machozi. Mjomba kanifuata kunikaribisha ndani. Nikamsikia Mama akimzuia. "Mwache kwanza. Anaangalia matairi."