Jina Alilolitaja Mbeyu

Kinango, Kwale

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Usicheke. Huku mkubwa haamkiwi vinginevyo, na ulimi wangu umeshazoea. Je, goti lako linaivumilia baridi ya Kimilili? Na Baba, bado anagombana na redio? Mimi mwili u mzima. Moyo ndio unaoniuma, na sina wa kumwambia ila wewe.

Wenzangu niliokuja nao kutoka kanisani wamerudi Nairobi. Nimebaki na muuguzi mmoja anayelala mapema kuliko kuku. Maji yana chumvi, chai hainyweki. Jioni nikifunga mlango nawasikia majirani wakichekeana kwa Kiduruma, nami nacheka peke yangu ili nisilie.

Kazi yetu ni watoto waliodhoofika tangu mvua zile kubwa zilipofagia mahindi. Tunawapima kwenye mizani iliyotundikwa nje ya kanisa, tunawapa uji na maziwa. Mama mmoja kijana, Mbeyu, alimleta binti yake Nyamvula, miguu imevimba, nywele zimegeuka nyekundu. Alikuja mara moja tu, hakurudi. Nikamfuata kwao.

Alinipa kigoda, akanong'ona, "Dada, hapa mtoto akikonda hivi, watu hawaulizi amekula nini. Huuliza mama yake amelala wapi."

Ugonjwa huo wanauita chirwa. Wanaamini mzazi akitoka nje ya ndoa, mtoto hunyauka. Mumewe Mbeyu yuko Diani, anafua mashuka hotelini, na yeye haulizwi kitu. Usiwacheke, Mama, hata kwetu tunayo yetu. Mama mkwe wa Mbeyu alikuwa ameyakataa maziwa yetu. Mtoto wa chirwa akila chakula cha wageni kabla ya kuogeshwa dawa, alisema, atakufa. Na haogeshwi mpaka mama yake amtaje mwanamume.

"Sina wa kumtaja," Mbeyu aliniambia. "Haki ya Mungu, sina."

Nikamwambia asiseme uongo, Mungu atafungua njia. Maneno ya mtu aliyeshiba hayo, Mama. Mtoto wake hata kulia alikuwa ameacha.

Kesho yake akataja. Alilitaja jina la mtu aliyekufa kwa homa wakati wa mvua, asije akamponza aliye hai. Mtoto akaogeshwa, na siku hiyo hiyo bibi yake akamleta kwetu anywe. Amekunywa, Mama! Uvimbe umeshuka, juzi amesimama mwenyewe na akina mama wakapiga vigelegele. Lakini kila anavyopata nafuu ndivyo mama yake anavyozidi kuhukumiwa, kwa kuwa wanasema dawa isingeshika kama asingekuwa na kosa. Mumewe aliposikia alikuja, akamrudisha kwa wazazi wake. Mtoto amebaki kwa bibi.

Siku ya kuondoka Mbeyu alipita kwangu na kifurushi chake. Nikamwambia nakwenda kusema kweli, liwalo na liwe. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukisema, watamnyima maziwa. Afadhali mimi niitwe malaya, yeye akue."

Nikamwapia kwamba nitanyamaza. Sasa kila asubuhi bibi huja na mjukuu wake, akaniambia, "Waona, mwanangu? Dawa imeshika." Nami namjibu, "Naona, bibi." Namchukia, Mama. Kisha namwona anavyompangusa mtoto mdomo kwa ncha ya leso yake, nashindwa kumchukia, nabaki na uchungu wangu bila pa kuuweka.

Nisalimie kaka Wafula na mkewe. Mjomba Wekesa, fundi wetu wa baiskeli, mwambie huku ningali natembea kwa miguu. Shangazi Nasimiyu, anayeuliza kila mara nitaolewa lini, mwambie bado na asichoke kuuliza. Niandikie, Mama, hata kama ni habari za ng'ombe tu. Nazihitaji.

Najua Jumapili mnatuombea sisi na watoto, na ni vyema. Lakini wewe, ukipiga magoti, mwombee Mbeyu, tena umtaje kwa sauti. Hapa halitajwi tena jina lake. Nyamvula akilia akimtaka mama, bibi humwonyesha mimi.

Ni mimi, mwanao,
Nekesa