Picha za Rahma na Diski ya Kabatini

Jumatatu, 3 Februari

Nimefika studio, nimewasha kompyuta, nimemnyonyesha Ilham mpaka akalala. Ndio nikaitoa diski ya nje kabatini na kuichomeka. Bi Zuwena, mwenye studio, huifungia kila jioni. Ndani yake mna picha za nusu ya wanawake wa Mji Mkongwe, bila ya buibui wala mtandio. Mwanamme haruhusiwi hata kuipitia karibu. Ndiyo sababu ya studio hii: wapiga picha wanawake, wasafisha picha wanawake, mapazia mazito.

Leo nimehamisha picha na video za bi harusi Rahma za jana, sherehe ya wanawake. Mara yangu ya kwanza peke yangu. Bibi yake katoka Makunduchi, kaingizwa ukumbini kwa kushikwa mkono. Ngoma ilipokolea akasimama akacheza. Vigelegele mpaka nje. Nimeona kila kitu kimo kwenye folda ya maharusi, ndipo nikafuta kadi ya kamera. Bi Zuwena anaitaka kwa harusi nyengine kesho. Shaaban hii hakuna kupumua, kila mtu anataka kuolewa kabla ya Ramadhani.

Kompyuta yetu ni ya mfumo wa Linux. Mimi niliishia kidato cha pili, nilidhani kompyuta zote ni moja. Nnajifunza.

Jumatano, 5 Februari

Kompyuta haifunguki. Inawaka, maandishi yanapita, inaniuliza neno la siri. Naandika. Kioo kinazima kidogo, kisha inaniuliza tena. Na tena. Kama mtu anakufungulia mlango halafu anakufungia usoni.

Bi Zuwena kanuna. Hakunifokea. Bora angefoka.

Rahma anasafiri Jumatatu na mumewe, wanakwenda Maskati. Anazitaka picha kabla. Na kadi nshaifuta.

Kumwita fundi? Mafundi wote tunaowajua ni wanaume.

Alhamisi, 6 Februari

Bi Zuwena kapata njia. Kassim, fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili, kakalishwa barazani nje, mgongo kwa mlango, pazia limeshushwa. Mimi ndani nasoma kioo kwa sauti, yeye ananiambia niandike nini. Kila akijikuna Bi Zuwena anamrukia.

"Tazama barabarani, Kassim! Shingo hiyo ikigeuka nnaikata."

"Mmoja wa nyumbani ananitosha, Bi Zuwena. Hao wako kaa nao."

Ilham kacheka, wala hajui anacheka nini.

Nimefahamu kitu. Kompyuta haiamki mara moja. Kwanza inajikagua viungo vyake. Halafu inauamsha mfumo. Halafu mfumo unaziita diski moja moja, kila moja unaipa pahala pake, folda yake. Isiyoitika haingojewi. Maandishi yale yanayopita mbio ndiyo kuitana kwenyewe. Mimi nikidhani ni mapambo.

Akanipitisha kwenye kioo cheusi, maandishi matupu. Nikaandika df, amri ya kupima nafasi. Diski kuu, ile ya ndani ya kompyuta, imejaa, asilimia mia. Haina hata pa kuweka mguu, ndiyo maana haimwingizi mtu. Tukafuta masalia ya programu yasiyo na kazi. Ikafunguka! Alhamdulillahi nimeisema kwa sauti, Kassim akaitika nje.

Diski ya nje nayo ikaonekana imechomekwa lakini haijaungwa popote. Kuiunga ni mount, kuiondoa ni umount, kanisomea herufi kwa herufi. Nikaiunga. Harusi za nyuma zote zikatokea. Kassim akainuka, ana kazi Mkokotoni, akenda zake.

Ndipo nikatafuta ya Rahma.

Haimo.

Ijumaa, 7 Februari

Simu ya Kassim haipatikani. Hamadi kanipigia kutoka Uroa, wakati wa mapumziko yao hotelini, anataka kusikia sauti ya mwanawe. Nikamjibu vibaya. Hana kosa mume wangu.

Nnaogopa kufukuzwa. Lakini kinachonikaba ni yule bibi anacheza. Kwamba nimemfuta mimi, kwa mkono wangu.

Jumamosi, 8 Februari

Zipo.

Niandike vizuri nisije nikasahau. Asubuhi nimeandika df bila ya sababu, ndiyo amri pekee nnayoikumbuka bila kusaidiwa. Diski kuu bado imejaa karibu yote. Nikaitumbulia macho. Kama picha za Rahma zimefutika, mbona nafasi haikurudi? Kuna kitu kimekaa pale.

Nikarudi nyuma kichwani. Jumatatu niliwasha kwanza, diski nikaichomeka baadae. Mfumo uliita, diski imefungiwa kabatini na maharusi wake, haikuitika. Folda ya maharusi, pahala pa diski hiyo, ikabaki tupu, na yenyewe imo kwenye diski kuu. Nami nikamimina humo, nikidhani nipo kwenye diski ya nje. Ndiyo ikajaa. Na Alhamisi tulipoiunga diski, ikalala juu ya folda ile ile. Kama mkeka juu ya shanga zilizomwagika. Huzioni, lakini zipo chini.

Basi uondoe mkeka. Umount. Bi Zuwena kambeba Ilham.

Folda ya Rahma. Na bibi ndani yake.

Bi Zuwena kapiga kigelegele, Ilham kaangua kilio, na mimi nikaungana naye. Nikajifuta uso. Folda nikaisogeza pembeni, nikaiunga diski, nikanakili, nikafungua video moja moja mpaka mwisho. Sikufuta kitu mpaka Kassim alipopatikana mchana. Nikamweleza hatua zote.

"Ala! Sasa mie ntakula wapi, dada Saumu?"

Kisha akasema ni sawasawa.

Kuanzia leo diski inatoka kabatini kabla ya kompyuta kuwashwa. Na kadi haifutwi mpaka pawe na nakala mbili. Bi Zuwena kakubali bila kubishana. Hamadi nimempigia, nimemwomba radhi. Kwa furaha nimemweleza mambo ya mkeka na shanga, masikini, hakufahamu hata kidogo, lakini kacheka na mimi.

Jumapili, 9 Februari

Rahma kaja kuchukua picha zake. Hina bado imekoza mikononi. Hatukumwambia lolote.

Kaomba aoneshwe ya bibi yake. Nikamwekea. Bibi anasimama, anauachia mkono wa aliyemshika, anazungusha kiuno polepole, macho kafumba. Rahma kacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Bibi kesharudi Makunduchi. Hajui wataonana lini.

Ilham alikuwa mapajani pangu ananyonya, kaning'ang'ania kidole. Nje mvua ndogo.

"Rejesha kidogo, dada," Rahma kaniambia.

Nikarejesha. Tukaangalia tena.